Sarajevo, mji uhesabuo saa kama sisi

Mwezi wa Novemba uliopita tulijaaliwa kuhudhuria semina ya siku kumi mjini Istanbul kuhusu uendeshaji wa misikiti na mali zake. Katikati ya semina ile zilipatikana siku mbili za mapumziko, Jumamosi na Jumapili. Wenzetu wakazielekeza sokoni. Sisi tulikuwa tumekwisha kuomba viza ya Bosnia tangu tukiwa Tanga, tukapanda ndege Ijumaa usiku kuelekea Sarajevo, safari isiyotimia saa mbili.

Tunasema "sisi" kwa desturi ya kalamu, lakini tulikwenda peke yetu. Tunayafahamu yaliyopokewa juu ya msafiri wa peke yake, na tunayafahamu pia maelezo ya wanazuoni kuhusu njia zenye amani. Mama watoto, tulipomwaga, hakuyahitaji maelezo ya wanazuoni. Aliuliza tu, "Mume wangu, unakwenda kutafuta nini huko kwenye baridi?" Tukamjibu kwamba tunakwenda kuona wakfu. Jibu lile lilikuwa kweli, ila halikuwa kweli yote.

Sarajevo umelala bondeni, kandokando ya mto Miljacka, na vilima vimeuzunguka kama kuta za bakuli. Sehemu yake kongwe, Baščaršija, iliyoanza kujengwa karne ya 15 chini ya dola ya Uthmaniya, ni mahali pa miguu. Vichochoro vimetandikwa mawe, maduka ni ya kimo kifupi yenye mapaa ya vigae, na mafundi wa shaba hugonga nyundo zao mbele ya wapita njia. Mwenye kuujua Mji Mkongwe wa Unguja hatajiona mgeni sana, ingawa atapotea njia, kama tulivyopotea sisi mara tatu Jumamosi ile. Kutoka Sebilj, chemchemi ya hisani iliyojengewa kibanda cha mbao, mpaka Daraja la Kilatini, ambako mwaka 1914 aliuawa Franz Ferdinand, mrithi wa kiti cha Austria, na dunia ikaingia katika Vita Kuu, si mwendo mrefu. Katika mwendo uo huo kuna misikiti, kanisa la kale la Waorthodoksi, sinagogi la karne ya 16 na kanisa kuu la Wakatoliki. Na katika njia ya Ferhadija kuna alama iliyowekwa sakafuni: ukitazama mashariki unaona mji wa Kituruki, ukigeuka magharibi unaona majumba marefu ya Austria, kana kwamba mtu ameunga nguo mbili kwa mshono mmoja.

Tuliamka Jumamosi kabla ya alfajiri tukaenda kusali Subhi katika msikiti wa Gazi Husrev-beg, ambao wenyeji huuita Msikiti wa Bey. Tulitia udhu uani kwa ukaidi wa mtu wa pwani, na maji yakatuuma mpaka mifupani. Wenyeji wenye akili walikuwa wametia udhu majumbani mwao. Watu wa Bosnia wanafuata madhehebu ya Imamu Abu Hanifa, nasi tumelelewa katika madhehebu ya Imamu Shafii. Tofauti hizo tulizisoma chuoni na tukazifanyia mtihani. Pamoja na hayo, imamu alipoinuka kutoka rukuu ya rakaa ya pili, mikono yetu ilikwisha kupanda kwa ajili ya kunuti, tukatanabahi safu nzima imeshuka kusujudu. Baada ya salamu, mzee aliyekuwa kushotoni mwetu alitutazama kwa tabasamu, akatupigapiga begani, akauliza kama sisi ni Mashafii. Tukaitika. Akacheka kimyakimya, akatushika mkono mpaka mlangoni kama mtu anayemsindikiza mjukuu.

Lugha yao ni ya Kislavi na hatukuielewa, lakini kila baada ya hatua chache neno moja lilitoka ndani yake likatusalimu. Duka kwao ni dućan. Sabuni ni sapun, sanduku ni sanduk, dua ni dova, thawabu ni sevap, subira ni sabur. Wakfu ni vakuf, na saa ni sahat. Tulikaa kwenye mkahawa, mbele yetu kahawa katika kijibirika cha shaba na kipande cha halua laini pembeni, tukiyaandika maneno hayo katika daftari mpaka mhudumu akadhani tunakagua bei zake.

Gazi Husrev-beg alikuwa mjukuu wa Sultani Bayezid wa Pili kwa upande wa mama. Aliitawala Bosnia kwa vipindi, kuanzia mwaka 1521 mpaka alipofariki mwaka 1541, na kaburi lake lipo uani mwa msikiti huo. Msikiti wenyewe ni wa mwaka 1531. Lakini msikiti ni sehemu tu ya aliyoyaacha. Aliacha madrasa, jiko la kulisha maskini, nyumba ya wasafiri, maji ya bomba, hamamu, soko lililoezekwa liitwalo bezistan, na maduka ambayo kodi yake iliyaendesha hayo yote. Nyumba ya wasafiri iliwekewa sharti kwamba mgeni alale na ale bure kwa muda wa siku tatu. Sisi tulikuwa wageni wa siku mbili na chumba tulikilipia. Karne tano zimepita, hatuna la kulalamika.

Yote hayo yamo katika hati zake za wakfu, moja ya mwaka 1531 na mbili za mwaka 1537. Madrasa ya zamani inatazamana na msikiti, na sasa ni makumbusho. Humo tulimsikiliza binti mmoja, mhudumu wa mahali pale, akieleza kwa Kiingereza masharti ya hati ile. Sharti moja lilitusimamisha. Bey aliandika kwamba fedha itakayobaki baada ya kujenga madrasa inunuliwe vitabu, visomwe na wanafunzi na wanazuoni. Ni sharti fupi, la mtu aliyefikiria hata chenji. Kutokana nalo ipo hadi leo maktaba ya Gazi Husrev-beg, inayohesabu umri wake tangu mwaka 1537 na yenye miswada ya mkono zaidi ya 10,000.

Bey amekufa. Dola ya Uthmaniya iliyompa cheo imekufa, dola ya Austria imekufa, ufalme wa Yugoslavia umekufa, na Yugoslavia ya kikomunisti, iliyotaifisha sehemu kubwa ya mali za wakfu, nayo imekufa. Hati ingali ikisomwa.

Hapo ndipo lilipotufikia lile tulilolikimbia kutoka Tanga. Katika msikiti tunaoutumikia alikuwapo mzee mmoja, Mwenyezi Mungu amrehemu, mwenye fremu mbili za maduka barabarani. Siku moja baada ya sala ya Alasiri, akiwa ameketi barazani pamoja na muadhini, alituita akasema, "Mwanangu katibu, zile fremu nimeziweka wakfu kwa madrasa ya watoto. Liandike." Tukasema, "Naam mzee wangu, tutaliandika." Kisha tukajitia ujuzi. Tukaona neno zito kama lile halifai kuingia katika daftari la kawaida pamoja na hesabu za mafuta ya jenereta; lataka hati iliyopigwa chapa, lataka muhuri, lataka kikao chenye akidi. Kikao cha kwanza akidi haikutimia. Cha pili mwenyekiti alikuwa safarini. Mzee alitukumbusha mara mbili, na mara ya pili hakutukumbusha kwa maneno, alitutazama tu. Akafariki ndani ya mwezi wa Ramadhani. Warithi wake wakaendelea kupokea kodi, kama ilivyo haki ya mtu asiyeambiwa lolote, nasi tukanyamaza.

Msomaji aliyeisoma fiqhi atasema kwamba wakfu husihi kwa tamko, na kwamba mashahidi wawili wapo, sisi na muadhini. Ni kweli. Lakini muadhini amepita miaka 80, na katibu anayejitokeza miezi saba baada ya maziko, akidai mali kwa ajili ya msikiti wake mwenyewe, ushahidi wake hunuka tamaa. Hivyo ndivyo tulivyojiambia kila usiku. Ilhali kilichotufunga mdomo kilikuwa kingine: kulisema neno la mzee kulikuwa ni kukiri kwamba tuliambiwa tuandike na hatukuandika. Tuliona haya. Na haya ile tuliivika joho la busara.

Binti yule wa makumbusho alituuliza tunatoka wapi. Tulipomjibu, uso wake ukakunjuka. "Afrika," akasema, "basi mnamjua Abbas." Hatukumjua, akatueleza.

Sarajevo ulizingirwa na majeshi ya Waserbia wa Bosnia kuanzia Aprili 1992 hadi Februari 1996. Mizinga ilikaa vilimani, walenga shabaha wakakaa maghorofani, na watu zaidi ya 11,000 wakauawa. Sisi tulikuwa watoto wadogo kabisa, na tunachokikumbuka ni jina la Bosnia likitajwa katika dua baada ya sala, bila kufahamu ni mtu au ni mji. Mizinga ile haikutafuta watu peke yao. Mei 1992 Taasisi ya Masomo ya Mashariki iliteketezwa pamoja na miswada yake zaidi ya 5,000. Agosti mwaka huohuo jengo la Vijećnica kando ya mto, lililokuwa maktaba ya taifa, lilipigwa likawaka, na majivu ya vitabu yakawadondokea watu mjini. Mkuu wa maktaba ya Gazi Husrev-beg, Mustafa Jahić, akaona zamu yake haiko mbali. Yeye na wenzake wachache wakaipakia miswada katika maboksi ya ndizi, wakaibeba kwa mikono, wakavuka nayo barabara zilizokuwa zikilengwa risasi, wakaihamisha kutoka maficho haya kwenda maficho mengine, tena na tena. Mmoja wa waliobeba alikuwa Abbas Lutumba Husein, mtu wa Kongo, mlinzi wa usiku wa maktaba ile.

Tulimwomba binti alitamke jina hilo tena, tukaliandika. Kazi aliyoajiriwa ndugu yule ilikuwa kulinda mlango. Filamu imetengenezwa kuhusu watu hao na wasomi wa Ulaya wanawafahamu, nasi majirani wa Kongo hatukuwa tumelisikia jina lake mpaka tulipoambiwa na binti wa Kibosnia. Jengo jipya la maktaba, lililofunguliwa mwaka 2014, lipo hatua chache kutoka pale, jeupe, limetulia. Tulilizunguka mara mbili bila shughuli maalumu.

Karibu na msikiti upo mnara wa mawe wenye saa, na huu ndio uliotupa jina la makala haya. Saa yake haifuati saa za serikali. Imewekwa ili jua linapochwa, mishale yake iseme kumi na mbili. Jioni ile tulisimama chini yake vidole vikiwa vimekufa ganzi. Simu yetu ilisema saa kumi na dakika ishirini. Mnara ulikuwa unaikamilisha kumi na mbili. Mtalii mmoja wa Kizungu aliyekuwa karibu nasi akamwambia mkewe kwamba saa ile imeharibika. Sisi hatukuhitaji mwongozaji. Jua likichwa ni saa kumi na mbili, na siku mpya huingia hapo. Hivyo ndivyo tulivyofunzwa na bibi zetu kabla ya kufunzwa na mwalimu yeyote. Tofauti ni kwamba sisi tunaokaa karibu na ikweta machweo yetu hayatusumbui, wakati kwao jua la Juni huchwa baada ya saa mbili usiku na la Desemba huchwa saa kumi alasiri. Kwa hiyo pana mtunza saa ambaye hana budi kupanda ngazi za mnara mara kwa mara, mwaka mzima, kuirudisha saa kwenye ukweli. Mitambo ililetwa kutoka London karne ya 19, lakini isingefaa kitu bila miguu ya mtu huyo.

Simu ikalia. Alikuwa mama watoto, akiuliza kama tumekula. Kabla hatujamjibu, adhana ya Magharibi ikapanda kutoka Msikiti wa Bey, na papo hapo, ndani ya simu, nyuma ya sauti yake, ikapanda nyingine. Kwanza tulidhani ni mwangwi. Kisha tukaitambua: ni muadhini wetu wa Tanga, na pumzi yake inayokatika kila afikapo kwenye "hayya". Baadaye tulikaa tukahesabu tukaona hapakuwa na muujiza. Saa za kwetu zilikuwa mbele kwa saa mbili, na kwa jinsi miji hii miwili ilivyokaa juu ya ardhi, katikati ya Novemba jua huwachwea watu wa Tanga na wa Sarajevo karibu wakati mmoja. Lakini wakati ule hatukuwa na hesabu. Tulikuwa tumesimama katika baridi, tukimsikiliza shahidi wa pili akihangaika na pumzi.

Jumapili asubuhi bibi mwenye nyumba tuliyofikia alituandalia mkate na jibini, na mjukuu wake akawa mkalimani. Alituonyesha kwa kidole kiwanda cha pombe ng'ambo ya mto. Wakati wa mzingiro bomba zilikauka, na maji ya kunywa yalipatikana pale, kwa kuwa kiwanda kina chemchemi yake. Akasema alipanga foleni na madumu, Waislamu na wasio Waislamu, na mizinga ikipigwa. Tulimwuliza alistahimili vipi. Akasema "sabur", na mjukuu wake hakuhitaji kufasiri.

Tukapanda mtaa wa Kovači, ambako mawe meupe ya makaburi ya mashahidi yamesimama safu kwa safu, na Alija Izetbegović, rais wa wakati ule, amezikwa miongoni mwao. Tuliwasomea Fatiha. Juu zaidi, kwenye ngome iitwayo ya Manjano, wageni huenda kuutazama mji. Sisi tuliutazama ukungu. Tukiteremka tuliziona sakafuni zile ziitwazo waridi za Sarajevo, makovu ya makombora yaliyojazwa utomvu mwekundu mahali walipouawa watu. Wapita njia wengi huzikanyaga bila kutazama, na hatuwalaumu, maana wana kazi za kwenda. Sokoni kwa mafundi tulinunua kalamu iliyotengenezwa kwa ganda la risasi. Wino wake ulikauka kabla hatujafika Istanbul.

Ukungu ule tuliouona ngomeni ulishuka mpaka uwanja wa ndege, na ndege yetu ikachelewa saa tano. Tulipokwisha kuchoka kutazama ubao wa safari, tukaazima kalamu kwa jirani, tukalifungua daftari lenye yale maneno ya Kibosnia, tukaandika: siku gani mzee alisema, alisema nini, nani alikuwapo, na mali yenyewe iko wapi. Mistari minne. Lililotushinda miezi saba lilituchukua muda usiotosha kunywa kikombe cha chai. Tukaongeza mstari wa tano, kwamba kosa la kuchelewa ni la katibu.

Tuliporejea Tanga hatukungoja kikao. Usiku wa pili baada ya sala ya Isha tulimshika mkono muadhini tukaenda naye nyumbani kwa marehemu, tukawasomea wanawe wawili mistari yote mitano, na muadhini akasema aliyoyasikia yeye. Mkubwa alinyamaza kitambo, kisha akasema kwamba baba yake aliwahi kumgusia habari hiyo, naye alikuwa akingoja kuona kama msikiti una lolote. Mdogo hakukubali. Yeye ana watoto wanne, na kodi ya fremu moja ndiyo inayowalipia ada. "Shekhe," akatuuliza, "kama hili lilikuwa neno la baba, mbona umekaa nalo?" Hakuuliza kwa ukali. Hatukuwa na jibu ila lile lililokwisha andikwa katika mstari wa tano, tukamsomea tena.

Shauri lipo mikononi mwa wazee wenye elimu ya mirathi na wakfu, na mpaka watakapolikata kodi inaendelea kupokewa kama zamani. Haya tumeyachapisha kwa idhini ya ndugu wote wawili. Mkubwa aliyasoma kabla ya kumfikia mhariri, akafuta maneno mawili. Mistari ile tumekwisha kuinakili katika daftari la kawaida la msikiti, lile lenye hesabu za mafuta ya jenereta. Tarehe ipo, saini yetu ipo, na pembeni lipo dole gumba la muadhini, wino umesambaa kidogo kwa sababu mkono wake ulikuwa unatetemeka.